Fedha za Safari Zisibadilishwe kwa Minong'ono

Hakuna sheria ya Tanzania inayomkataza mwalimu wa Minaki au karani wa Kibaha kuingia benki mchana kweupe, akanunua fedha za kigeni kwa ajili ya safari yake, akapewa risiti na kwenda zake. Hata hivyo wapo watumishi wa umma ambao, wanapotumwa kwenye semina Nairobi, Kampala au Johannesburg, bado hubadilisha fedha kwa minong'ono: kwa mtu aliyeelekezwa na mtu mwingine, ndani ya gari, nyuma ya kibanda cha kituo cha mabasi, au mikononi mwa vijana wenye vibunda vya noti mpakani. Hasara ya mwenendo huo humwangukia msafiri mwenyewe, na mara nyingi huiangukia pia fedha ya umma aliyokabidhiwa.

Tabia hii ina historia yake, na si haki kuwacheka wanaoifuata. Kabla ya Benki Kuu ya Tanzania kufungua milango yake tarehe 14 Juni, 1966, shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilinunua mkate Kisarawe na ikanunua mkate Kampala. Hata kila nchi ilipotoa noti zake, kwa miaka kadhaa shilingi zile tatu zilibadilishwa sawa kwa sawa. Kisha mambo yakageuka. Fedha za kigeni ziliadimika, zikawa kitu cha kuombewa kibali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Na katika mwaka huo huo wa 1983 msako dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi ulimfanya hata asiye na hatia aogope kuonekana na noti ya nje. Kizazi kizima kilijifunza kwamba dola hufichwa ndani ya soksi.

Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 iliufungua mlango uliokuwa umefungwa, na maduka ya kubadilishia fedha yakaanza kufanya kazi kwa leseni. Sababu ya kuficha ilikwisha zaidi ya miaka 30 iliyopita. Tabia ndiyo iliyobaki, na anayenufaika nayo ni mlanguzi peke yake, kwa kuwa mteja mwenye hofu haulizi bei mara mbili.

Hofu hiyo hupata mwenza wake katika haraka. Msafiri wa Kisarawe anayekwenda kupanda ndege hushuka kwa njia ya Pugu na Gongo la Mboto, na mara nyingi hufika uwanjani akiwa na shilingi tupu mfukoni. Mwenzake wa Kibaha husimama Maili Moja kungoja basi la kaskazini, akijiambia kwamba mambo ya fedha yatajulikana huko huko Namanga. Wote wawili wameanza safari kabla ya kuimaliza kazi iliyotakiwa kutangulia. Anayebadilisha fedha huku dereva akipiga honi hana nafasi ya kuhesabu, wala ya kuitazama noti kwenye mwanga.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwalimu wa darasa la sita angeweza kuifundisha. Kila duka la fedha lina bei mbili ukutani, ya kununua na ya kuuza, na zote mbili ni za duka. Bei ya kununua ni ile ambayo duka humlipa msafiri. Bei ya kuuza ni ile ambayo msafiri hulilipa duka. Tofauti iliyo kati ya bei hizo ndiyo ujira wa mwenye duka. Chukulia, kwa mfano wa kuhesabia tu, kwamba Dar es Salaam dola 1 inauzwa kwa shilingi 2,700 na kununuliwa kwa 2,640, na kwamba Nairobi inanunuliwa kwa shilingi 128 za Kenya na kuuzwa kwa 131. Msafiri anatoa shilingi 270,000, anapata dola 100. Nairobi dola hizo zinampa shilingi 12,800 za Kenya. Mkutano unaahirishwa, hatumii hata senti. Anazigeuza tena kuwa dola, anapata karibu 97 na senti 70, na akifika nyumbani analipwa takribani shilingi 258,000. Zaidi ya shilingi 12,000 zimeyeyuka, wala hajala chapati.

Mfano huo unaonyesha kosa moja ambalo watu wa Afrika Mashariki hulifanya bila kulifikiri, nalo ni kupitia dola hata wanapokwenda kwa jirani. Aendaye Nairobi yampasa kwanza aulize benki au duka bei ya shilingi ya Kenya yenyewe, ailinganishe na ile njia ya kuzunguka, ndipo achague. Miaka ya karibuni shilingi 1 ya Kenya imekuwa ikinunuliwa kwa takribani shilingi 20 za Tanzania, na mwenye kukumbuka namba hiyo moja hadanganyiki kirahisi mpakani. Kwa safari za mbali dola haina budi kubebwa. Hapo afadhali noti kubwa, safi na za matoleo mapya, maana noti ndogo na noti kuukuu hupewa bei ya chini, na pengine hukataliwa kabisa.

Kuna wanaorudi na noti za nchi za watu na kuziweka sandukuni kama akiba ya safari ijayo. Tarehe 1 Juni, 2019 Kenya ilitangaza noti mpya, na noti za zamani za shilingi 1,000 zikakoma kuwa fedha halali baada ya tarehe 30 Septemba ya mwaka huo. Aliyekuwa amezihifadhi Kisarawe bila kusikiliza habari alibaki na karatasi zenye picha. Jambo kama hilo lilitokea nyumbani pia, pale Benki Kuu ya Tanzania ilipotoa muda wa kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili, 2025 kwa watu kubadilisha noti za zamani za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Mtanzania aliyekuwa ng'ambo na noti hizo kwenye mkoba alipaswa kuwa macho.

Yapo sasa mambo ya simu na kadi. Tangu mwaka 2015 mtu aliweza kutuma fedha kwa M-Pesa kati ya Tanzania na Kenya, na kwa kiasi kidogo cha dharura njia hiyo inafaa, mradi msafiri asome bei ya ubadilishaji na ada kabla ya kuthibitisha. Kuhusu kadi, iko hila moja inayostahili kujulikana. Mashine ya ng'ambo huweza kuuliza kama mteja akatwe kwa fedha ya kwao au kwa fedha ya mji alipo. Jibu la kwanza hupendeza kwa sababu mtu huona shilingi anazozijua, lakini bei hapo hupangwa na mwenye mashine, na kwa kawaida ni mbaya zaidi. Achague fedha ya mji ule.

Lawama zote asitwishwe msafiri. Mtumishi anayelipwa masurufu jioni ya kuamkia safari amekwisha kunyimwa nafasi ya kulinganisha bei, hata awe hodari wa hesabu kiasi gani. Waajiri wanaotuma watu nje wanao wajibu wa kuwalipa mapema, angalau siku kadhaa za kazi kabla ya kuondoka, na kudai risiti ya kubadilisha fedha irejeshwe pamoja na hati nyingine. Risiti hiyo haitolewi na mlanguzi. Kuidai kungewaondoa watumishi wengi vichochoroni kwa wiki moja tu, bila semina wala waraka mrefu.

Nchi za Jumuiya zilitia saini itifaki ya sarafu moja mwaka 2013 zikilenga mwaka 2024. Lengo hilo halikufikiwa, na sasa linatajwa la mwaka 2031. Mpaka siku hiyo ifike, basi la kurudi Kibaha litaendelea kusimama Namanga. Sarafu za chuma maduka ya fedha hayazinunui. Mwenye nazo mfukoni anunue chai na maji upande wa Kenya kabla ya kugonga muhuri, na noti zilizobaki azipeleke dirishani, achukue na risiti yake.