Dada, Hiyo Sindano Si Dhambi. Lakini Nani Alikupa?

 

Leo sina mahubiri. Nataka tuzungumze kama mchungaji na kondoo wake kuhusu jambo ambalo limejaa kwenye simu yangu tangu tulipomaliza mfungo wa Januari, na ambalo madhabahuni tumekuwa tukilitaja kwa mzaha tu. Uzito wa mwili. Na hizi sindano za kupunguza uzito ambazo wengine wenu mnazijua kuliko mnavyokiri.

Dada mmoja wa kanisa letu aliniandikia saa tano usiku. Amenipa ruhusa nisimulie, na yale yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Kwa miezi minne amekuwa akijidunga sindano mara moja kwa wiki. Daktari wa sukari ndiye aliyemwanzishia, na kila mwezi anarudi kliniki. Nyumbani anaificha kwenye friji ndani ya mkebe wa Blue Band ili shemeji zake wasiione. Amepungua kilo tisa. Sasa Jumapili moja akina mama wa maombi wakamsimamisha atoe ushuhuda, kwa sababu kila mtu aliamini ni ule mfungo wa siku 21. Akashika maiki, akasema "ni Bwana," watu wakapiga makofi na vigelegele, akaketi. Tangu siku hiyo usingizi umempotea. Swali lake kwangu lilikuwa moja: "Pasta, nimemdanganya Roho Mtakatifu kama Anania na Safira?"

Nilikaa na hiyo simu mkononi kwa muda. Kwa sababu nilikumbuka kwa nini alificha.

Miaka miwili iliyopita nilihubiri kuhusu kiasi, lile tunda la Roho, na katikati ya mahubiri nikasema mtu asiyeweza kutawala sahani yake hawezi kutawala mapepo. Kanisa lilicheka. Nami nikafurahia kile kicheko, nikaongeza kingine kuhusu viti vya plastiki. Huyu dada alikuwa safu ya nne. Anasema alicheka pamoja na wengine, akaenda nyumbani, na hakula mpaka Jumanne.

Kwa hiyo kabla sijamjibu yeye, naomba msamaha kwenu nyote mliokuwa safu ya nne siku hiyo. Nilisema jambo nisilolijua, na nililisema kwa mamlaka ya Neno.

Hebu niwaambie nilichojifunza tangu wakati huo, kwa kuuliza madaktari na kusoma, maana mimi si daktari.

Tumezoea kuamini kwamba mtu mnene ni mtu anayekula sana na hana nidhamu, basi. Lakini kulikuwa na utafiti mkubwa wa dawa inayoitwa semaglutidi, matokeo yake yakatolewa mwaka 2021. Watu 1,961 wenye uzito mkubwa waligawanywa makundi mawili. Wote, sikiliza vizuri, wote walipewa mshauri wa kukutana naye kila baada ya wiki nne, wakapunguziwa chakula, na wakahimizwa kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Tofauti ni kwamba kundi moja lilidungwa dawa na jingine likadungwa sindano isiyo na dawa, bila kujua. Baada ya wiki 68, wale wa dawa walikuwa wamepungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao. Yaani mtu wa kilo 100 amebaki na 85. Wale wengine, wenye ushauri uleule na mazoezi yaleyale, walipungua asilimia 2.4. Kilo mbili na kidogo.

Sasa niambie, hilo kundi la pili lote lilikuwa la wavivu? Lote lilikuwa na roho ya ulafi?

Mwili una njia zake. Ukila, utumbo hutoa homoni inayoambia ubongo kwamba umeshiba, na inayozuia tumbo lisimwage chakula haraka. Ukianza kupungua uzito, mwili hudhani kuna njaa katika nchi, unaongeza hamu ya kula na unabana matumizi. Dawa hizi huiga ile homoni. Ndiyo maana mtu anakula nusu sahani ya ugali na anaona imetosha. Dada yetu aliniambia hivi: kwa mara ya kwanza tangu awe msichana, amepita kando ya mama wa mandazi bila kupigana vita moyoni. Mimi ambaye sijawahi kupigana vita hiyo ndiye niliyekuwa nikimhubiria kuhusu ushindi.

Na tusisahau mazingira tuliyoyajenga sisi wenyewe. Nani alianzisha chai ya maziwa, mandazi na mkate baada ya ibada ya kwanza, kisha pilau na soda kila tunapokuwa na mgeni? Ni sisi. Mtumishi akitembelea nyumba, ni dharau asipoongezwa. Nimewahi kula chakula cha mchana mara tatu katika siku moja ya kutembelea washirika, na kila nyumba mama akasema, "Pasta, hujala." Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wa kati ya miaka 15 na 49 walikuwa na uzito uliozidi. Hiyo ni theluthi moja. Hesabu viti kanisani uone tunazungumza kuhusu nani, kisha uniambie kama jibu ni kicheko.

Lakini Pasta, mtu ameniuliza, kutumia dawa si kukosa imani?

Fungua 2 Wafalme 20. Hezekia anaumwa kufa. Analia mbele za Bwana, Bwana anasikia, na kupitia Isaya anamwahidi kwamba atapona na ataongezewa miaka 15. Ahadi imeshatolewa. Na bado Isaya anaagiza walete mkate wa tini wauweke juu ya jipu. Hakuna mahali tunaposoma kwamba mfalme alikataa tini ili aonekane na imani. Paulo naye alimshauri Timotheo kuhusu tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, na aliyesafiri na Paulo alikuwa Luka, tabibu. Kama unameza dawa ya presha asubuhi na kunena kwa lugha jioni, sioni kwa nini dawa ya uzito iwe na mahakama yake ya peke yake.

(Na wale mnaofanya mfungo wa Danieli ili mpungue, someni ile sura ya kwanza mpaka mstari wa 15. Baada ya siku kumi za mboga na maji, vijana wale walionekana wamenawiri na kunenepa kuliko wenzao. Mfungo ule si wa kupunguza tumbo. Fungeni kwa ajili ya Mungu.)

Basi kwa upande huo nimemaliza. Upande wa pili ndio unaonitia hofu, na hapa naomba msome polepole.

Binti mwingine, huyu alikuwa anajiandaa kwa harusi. Hakuwa hata mnene. Alitaka gauni limkae. Akaona tangazo kwenye simu, akatuma pesa, akaletewa kwa bodaboda kichupa kidogo kisicho na jina la kiwanda, na maelekezo kwa ujumbe wa sauti. Akaanza na kiasi kikubwa kwa sababu muuzaji alimwambia ndivyo matokeo yanakuja haraka. Akatapika siku tatu. Tulimpeleka hospitali akawekewa maji, na daktari alipouliza amedungwa nini, hakuna aliyeweza kujibu. Hata leo hatujui mle ndani mlikuwa na nini.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama bandia imefika huko, usifikirie mtaa wako umebaki salama. Na hata ikiwa ni dawa halisi, kabla ya kufunguliwa inatakiwa kukaa kwenye friji, si kwenye begi la bodaboda saa nane mchana.

Hii dawa huanza na kiasi kidogo sana, miligramu 0.25 kwa wiki, na kupandishwa polepole kwa miezi. Kichefuchefu, kutapika, kuharisha na kufunga choo ni mambo ya kawaida mwanzoni. Yapo makubwa zaidi: mawe kwenye nyongo, kongosho kuvimba. Maumivu makali ya tumbo yasiyoisha ni ya hospitali mara moja, tutaomba tukiwa njiani. Mwenye historia ya aina fulani ya saratani ya dundumio, yeye au jamaa yake wa damu, haipaswi kumgusa. Mama mjamzito, hapana. Anayepanga kupata mtoto aache angalau miezi miwili kabla. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji amwambie daktari wa kulaza usingizi, kwa sababu tumbo linaweza kuwa bado na chakula hata kama hukula usiku kucha. Muuzaji wa kwenye simu hakuulizi hata swali moja kati ya haya. Daktari anauliza yote, na anapima sukari, presha na figo kabla ya kuandika.

Na daktari peke yake pia hatoshi. Dada yetu ana mtaalamu wa lishe anayempigia simu kila wiki mbili. Nilipomuuliza wanaongea nini nilidhani ni kalori. Kumbe wanaongea kuhusu shemeji zake. Jinsi ya kukataa sahani ya pili bila kuvunja undugu. Kutembea kutoka stejini mpaka kazini. Kuhakikisha kile kidogo anachokula kina mayai, ndengu, maharagwe au omena, kwa sababu mtu akipungua haraka hapotezi mafuta tu, anapoteza na misuli, kwa hiyo lazima ale protini na afanye mazoezi ya nguvu. Hata kubeba mtungi wa maji ni mazoezi, amenicheka alipoona sikujua.

Wale watu wa utafiti niliowataja, baadhi yao walifuatiliwa baada ya wiki zile 68, sindano ikiwa imesimamishwa na ushauri pia umesimamishwa. Ndani ya mwaka mmoja, theluthi mbili ya uzito walioupoteza ilikuwa imerudi. Kwa hiyo ukiambiwa ni sindano za miezi mitatu na umemaliza, umedanganywa. Huu ni ugonjwa wa kuishi nao kama presha, na uamuzi wa kuanza ni uamuzi wa kuulizana na daktari utaendeleaje, kwa pesa zipi.

Pesa. Najua. Kwa wengi wetu dawa hii haishikiki, na sitaki mtu auze ng'ombe au aingie kwenye mkopo wa simu kwa sababu Pasta aliandika. Ukiwa huna uwezo, nenda kliniki hata hivyo. Pimwa sukari na presha. Kupungua hata asilimia tano kunasaidia mwili, na kwa hiyo huhitaji sindano kila mara. Chai isiyo na sukari ni bure kuliko yenye sukari.

Jambo la mwisho ni mfungo, na hili ni agizo kutoka ofisi yangu. Kama unatumia insulini au vidonge vya sukari, au umeanza sindano hizi, usiingie mfungo mkavu bila kuongea na daktari wako kwanza. Sukari inaweza kushuka ukaanguka, na anayetapika akikaa bila maji anaweza kuumiza figo. Wazee na mashemasi wa makundi ya maombi, msimshinikize mtu, na msimuulize sababu mbele ya wengine. Akisema "nitafunga simu na televisheni," muandikeni na mwendelee.

Sasa nikujibu, dada yangu.

Anania na Safira walijionyesha wametoa kile ambacho hawakutoa. Wewe uliogopa kanisa. Ni kweli ulinyamazia nusu ya ushuhuda, na nadhani ndiyo maana huna usingizi, lakini hiyo nusu iliyobaki bado ni ya Bwana. Alikupa daktari anayesikiliza, akakupa mshauri, akakupa ujasiri wa kumwambia mchungaji aliyekucheka. Hulazimiki kushika maiki tena. Ukitaka, mimi na Mama Mchungaji tutakuja kwenu jioni moja tuzungumze na mumeo, maana huyo hapaswi kujua mambo ya friji yake kutoka kwa watu. Tutakunywa chai bila mandazi.

Kuanzia Jumamosi hii saa kumi na mbili asubuhi tunatembea kutoka kanisani mpaka barabara kuu na kurudi. Njoo na raba na chupa ya maji. Muuguzi wetu atakuwa na kipimo cha presha kwenye lango, na hakuna atakayekupima uzito mbele ya watu. Nami nitakuwepo. Nina tumbo langu la kutembelea washirika, nalo linahitaji kutembea.

Mbarikiwe, wapendwa. Aliye na swali asiloweza kuliandika hapa chini, anitumie faraghani.