Nyiragongo ikiamka tena, nani atapiga simu ya kwanza?

Siku moja baada ya Nyiragongo kulipuka jioni ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021, serikali ilitoa hesabu ya kwanza ya vifo: watu 15. Kati yao, wawili tu ndio walichomwa na lava. Tisa walikufa katika ajali ya gari walipokuwa wakikimbia, na wanne walikuwa wafungwa wa gereza la Munzenze waliojaribu kutoroka. Hesabu ilipanda baadaye na kupita 30, na wengine waliuawa na gesi na joto walipovuka lava ambayo haijapoa. Lakini ile hesabu ya kwanza ingali inastahili kusomwa polepole, maana inaonyesha kwamba usiku ule mbio za watu wasioelezwa chochote ziliua kuliko moto wenyewe.

Wakaaji wa Goma hawakupata onyo lolote. Waliona anga limekuwa jekundu upande wa kaskazini, wakaanza kupigiana simu. Habari za kwanza zilisema ni Nyamulagira, volkano ya jirani ambayo lava yake kwa kawaida haielekei mjini. Wengine walikaa kwanza kwa sababu hiyo. Wengine walibeba godoro na watoto wakaelekea mpaka wa Rwanda, wengine wakashika njia ya Sake. Kila mmoja alifuata alichosikia kwa ndugu au kwa jirani.

Tangu siku ile, mazungumzo mengi yamekuwa juu ya pesa za kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, na kuna sababu. Ufadhili uliotoka Benki ya Dunia ulimalizika mwaka 2020 bila kufanywa upya. Waongozi wa kituo walieleza wenyewe kwamba kwa miezi kadhaa, tangu mwisho wa mwaka ule hadi karibu mwezi wa nne 2021, walikosa intaneti ya kupokea habari kutoka mitambo iliyowekwa mlimani. Mitambo ya kupima mitetemo ilikuwapo na wataalamu walikuwapo. Kilichokosekana ni kitu ambacho kijana yeyote wa Birere ananunua kila siku kwenye kibanda cha yuniti. Kwa mji mkubwa namna hii, uliojengwa juu ya lava ya zamani, hiyo ni aibu ambayo haihitaji maelezo marefu.

Hata hivyo, kuishia kwenye aibu hiyo ni kujidanganya. Utafiti wa kisayansi uliotolewa mwaka 2022 juu ya mlipuko ule ulionyesha jambo gumu zaidi: mlima haukutoa dalili za kawaida siku au wiki kabla. Ubavu wake ulipasuka, na alama zilizoweza kusomeka kwenye mitambo zilianza chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Maana yake ni kwamba hata kama OVG ingekuwa na intaneti, petroli na mishahara yote, wataalamu wangekuwa na dakika chache tu za kuelewa wanachokiona, kumwita mkubwa na kumwambia. Halafu mkubwa naye angehitaji kuamua, na neno lingehitaji kushuka hadi kwa mama aliye Buhene au Kibati na sufuria bado motoni.

Kwa dakika hizo, suala linakuwa njia ya ujumbe kuliko mtambo. Nani ana haki ya kutoa onyo? Anamsubiri nani? Kama mtaalamu lazima amwandikie mkurugenzi, mkurugenzi amwandikie gavana, na gavana aulize Kinshasa, lava itafika kabla ya sahihi. Mwaka 1977 ziwa la lava la Nyiragongo lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja, na lava ilikimbia kwa mwendo wa gari. Mwaka 2002, tarehe 17 mwezi wa kwanza, ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kufika ziwani. Mlima huu umekwisha kuonyesha mara tatu kwamba hausubiri kikao.

Siku tano baada ya mlipuko wa 2021, Goma ilipata somo la pili, la kinyume. Safari hii onyo lilitoka. Magma ilikuwa imepita chini ya mji hadi chini ya ziwa Kivu, matetemeko yalipasua nyumba Goma na hata Rubavu upande wa pili wa mpaka. Alfajiri ya tarehe 27, gavana wa kijeshi Constant Ndima alitangaza kwamba kartie 10 kati ya 18 za mji zihame mara moja, zikiwemo Majengo, Mabanga, Virunga, Bujovu na Murara, na watu waelekee Sake. Alisema mlipuko unaweza kutokea nchi kavu au chini ya ziwa, bila kutanguliwa na dalili yoyote.

Ujumbe ulifika. Ulikwenda kwa redio, kwa WhatsApp, kwa simu za ndugu walio Bukavu na Kinshasa ambao walisikia mapema kuliko wenye mji. Watu karibu laki nne walitoka. Barabara ya Sake ikaziba kwa magari, pikipiki, chukudu na watu wa miguu. Wengine walijazana kwenye mashua kwenda Minova na Bukavu. Mamia ya watoto walipotezana na wazazi wao katika mbio za siku zile. Kufika Sake, watu walilala makanisani, mashuleni na kando ya barabara, wakikosa maji safi katika sehemu ambayo kipindupindu si mgeni. Ruhusa ya kuanza kurudi ilitolewa tarehe 7 mwezi wa sita. Agizo lilikuwa limewaambia watu waondoke; halikuwaambia watapata wapi maji, wala kila kartie ipitie njia gani ili zote zisikutane kwenye barabara moja. Simu ilifanya kazi yake vizuri, ila hakukuwa na mpango ambao simu ingeubeba.

Upande wa vyombo, ipo njia ambayo nchi nyingi zinatumia na ambayo haihitaji simu ya bei. Antena inatuma ujumbe mmoja kwa simu zote zilizo katika eneo lake kwa wakati mmoja, bila kujua namba za watu, bila intaneti, bila yuniti. Simu inalia kwa sauti tofauti hata kama laini zimejaa. Ujumbe wa kawaida wa SMS unakwenda namba moja moja, na siku ya taharuki, kila mtu anapompigia kila mtu, unaweza kufika saa mbili baadaye. WhatsApp nayo inahitaji intaneti, na shida yake nyingine inajulikana: odio ya mtu asiyejulikana, yenye sauti ya kilio, inakimbia kuliko taarifa ya OVG iliyoandikwa kwa Kifaransa cha wataalamu. Onyo linalotakiwa Majengo ni la Kiswahili, fupi, linalotaja kartie na njia ya kutokea.

Lakini antena inataka umeme. Lava ya 2021 ilikata nyaya na mabomba ya maji, na zaidi ya nusu milioni ya watu wakabaki bila maji ya bomba. Antena isiyo na betri nzuri au mafuta ya jenereta inazima baada ya saa chache, wakati ule ule inapohitajika. Ndiyo maana redio ndogo ya betri, ile ambayo vijana wanaiona kama kitu cha wazee, bado ni chombo cha kwanza cha dharura katika Kivu. Radio Okapi na redio za mitaa zinasikika hata pale ambapo simu hazina neti, na zinasema lugha ya watu. Baada ya redio wanakuja shefu wa kartie, nyumba kumi, wamotari wenye megafoni, kengele ya kanisa na kipaza sauti cha msikiti. Hao pia ni mawasiliano, mradi wawe wameambiwa mapema nani anamwita nani.

Kuna jambo lingine ambalo wanasiasa hawapendi kulitaja. Serikali ya Kongo ilikata intaneti nchi nzima kwa karibu wiki tatu baada ya uchaguzi wa mwisho wa 2018. Mwanzoni mwa 2025, vita vilipofika Goma, umeme, maji na intaneti vilikatika mjini kwa siku kadhaa. Nchi ambayo mawasiliano yake yanaweza kuzimwa kwa ajili ya kura au kwa ajili ya bunduki haiwezi kuweka onyo lake lote ndani ya intaneti.

Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, mji uko mikononi mwa AFC/M23. Kundi hilo liliteua gavana wake, na yule wa serikali ya Kinshasa anafanya kazi akiwa Beni. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Basi, mitambo ikianza kutikisika usiku, wataalamu watamwambia nani? Mmoja akisema watu wahame na mwingine aseme ni propaganda, mama wa Bujovu amwamini yupi? Mazungumzo ya Doha na Washington yamejaa wafungwa, mipaka na madini. Makubaliano madogo kwamba onyo la volkano litatolewa na wataalamu peke yao, na kwamba pande zote zitalirudia neno kwa neno, hayamnyang'anyi yeyote ardhi.

Volkano si hatari peke yake. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, mvua iliyonyesha juu ya milima ya Kalehe ilishusha mawe na matope hadi Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi zaidi hawakuonekana tena. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Huko hakuhitajiki satelaiti: mtu mmoja juu ya mlima mwenye chombo cha kupimia mvua, simu yenye chaji na namba za watu watatu chini, anaweza kuokoa dakika ambazo watu wa soko walizikosa. Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo kwamba kufikia mwisho wa 2027 kila mtu duniani alindwe na mfumo wa onyo la mapema. Kwa Kalehe, hilo linaweza kuanza na mtu huyo na chaji hiyo.

Kwa familia ya Goma, maandalizi hayasubiri Doha. Namba za ndugu ziandikwe kwenye karatasi, maana simu ikizima zinazima nayo. Mtoto afundishwe jina kamili la baba na mama, kartie yake, na mahali pa kukutana kama wakipotezana. Redio na betri zikae pamoja na vitambulisho katika mfuko mmoja karibu na mlango. Na kabla ya kurusha odio kwenye grupu, mtu aulize imetoka kwa nani.