Uliza Kazi Kabla ya Kuuliza Bei

Ni nani kati yetu asiyejua kupatana bei? Sokoni tunaanzia nusu ya bei tuliyotajiwa, tunajifanya tunaondoka, tunaitwa, tunarudi. Jioni tunasimuliana kwa furaha: "Alisema elfu mbili, nikamshusha mpaka elfu moja!" Mwezi huu tungependa kuwasimulia jinsi furaha hiyo ilivyotugeukia aibu, tukiwa mbali na nyumbani, katika nchi ya Mexico.

Tulikuwa wanawake watatu. Baada ya mkutano uliotupeleka Mexico City, tulipanda basi kuelekea kusini, mwendo wa masaa sita au saba, mpaka mji wa Oaxaca. Bonde linalouzunguka mji huo ni la Wazapoteki, watu ambao wazee wao walijenga mji wa Monte Albán juu ya kilima yapata mwaka 500 kabla ya Kristo. Mpaka leo lugha yao ingali inasemwa vijijini, na kila kijiji kina kazi yake ya mikono. Teotitlán del Valle ni kijiji cha mazulia ya sufu. San Bartolo Coyotepec ni cha vyungu vyeusi. San Martín Tilcajete na Arrazola huchonga wanyama wa mbao na kuwapaka rangi za kila namna. Santo Tomás Jalieza husuka mishipi ya pamba. Ukitaka kuona vitu vingi kwa siku moja, nenda gulioni: Jumapili ni Tlacolula, Ijumaa ni Ocotlán.

Sisi tulikwenda Teotitlán, kama kilomita 30 kutoka mjini. Tuliingia katika ua mmoja ambamo mazulia yalikuwa yameanikwa kwenye kamba. Mama mwenye nyumba, mtu mzima wa makamo, alitukaribisha na kutupa viti kabla hata hatujasema tunataka nini. Tulipenda zulia dogo la kuweka kando ya kitanda, jekundu, lenye nakshi za ngazi ngazi. Akataja bei. Mmoja wetu anayejua Kihispania kidogo akaanza kazi tuliyoizoea. Mama alinyamaza, akamtazama binti yake, akapunguza kidogo. Tukainuka kama tunaondoka. Akapunguza tena. Mwishowe tulilichukua kwa bei iliyozidi nusu kidogo tu, tukakonyezana. Mambo yalikuwa mazuri!

Kisha, kwa ukarimu tu, mama yule akatuuliza kama tungependa kuona kazi inavyofanyika. Tukamfuata nyuma ya nyumba.

Hapo tulikuta sufu mbichi ya kondoo, imejaa uchafu na miiba. Huoshwa, hukaushwa, kisha huchambuliwa kwa vibao viwili vyenye meno ya chuma mpaka ilainike. Binti alikaa akaisokota kwa gurudumu la kuzungusha kwa mkono, akituonyesha jinsi uzi unavyokatika ukiwa na haraka. Mama naye akachukua punje chache za kijivu akazisaga kiganjani. Zilikuwa wadudu wadogo waliokaushwa, wale wanaoishi juu ya dungusi kakati. Kiganja kikawa chekundu kama damu. Akakamulia ndimu, rangi ikageuka kuwa ya machungwa. Akaongeza chokaa kidogo, ikawa zambarau. Ili kupata nusu kilo ya rangi hiyo wanahitajika makumi ya maelfu ya wadudu, nao huokotwa kwa mkono. Rangi ya buluu hutoka kwenye mmea wa nili, na kijivu ni sufu yenyewe jinsi kondoo alivyoumbwa.

Mwisho tulifika kwenye kitanda cha kufumia, kikubwa, chenye kanyagio za miguu. Tukauliza: zulia kama letu huchukua muda gani? Akahesabu kwa vidole: wiki tatu za kufuma tu, bila kuhesabu kuosha, kusokota wala kutia rangi. Tulikaa kimya. Kila mmoja alikuwa akipiga hesabu kichwani, akigawanya zile peso chache kwa siku zile zote. Hakuna aliyekonyeza tena.

Tulijifunza jambo lingine pale. Zamani, kabla Wahispania hawajaleta kondoo na vitanda vya kanyagio katika karne ya 16, wanawake walifuma pamba kwa kitanda kidogo kinachofungwa kiunoni, kama wanavyofanya Jalieza hadi leo. Vitanda vikubwa vilipokuja, ufumaji wa Teotitlán ukawa kazi ya wanaume, na wanawake wakabaki na kuchambua na kusokota. Lakini wanaume wengi walipokwenda kutafuta kazi Marekani, wake zao na binti zao walikaa wenyewe kwenye vitanda hivyo. Tangu miaka ya 1980 wanawake wa kijiji hicho wameanza kuunda vyama vyao vya ushirika, ili wauze wenyewe bila kupitia kwa mfanyabiashara. Kwa hiyo, akina mama, bei tuliyoishusha ilikuwa ada ya shule ya mtoto wa mama mwenzetu, au dawa, au mahindi ya wiki.

Tulimwomba radhi, tukatoa fedha kufikia bei yake ya kwanza. Alikataa. Alisema tumeshapatana, na yeye si mwombaji. Tulipozidi kumsihi, aliingia ndani akarudi na mkoba mdogo wa sufu, akautia mikononi mwetu, ndipo akapokea fedha. Baadaye tulielewa. Wazapoteki wana desturi iitwayo guelaguetza. Mwenye harusi au sherehe huletewa na jirani mahindi, bata mzinga au nguvu za mikono, na kila kitu huandikwa daftarini ili siku moja kirudishwe sawasawa. Je, si kama daftari zetu za michango? Mama yule hakutaka sadaka. Alitaka kazi yake ipewe haki yake, basi.

Wapendwa, huenda wengi wetu hatutafika Oaxaca. Lakini mwenye nafasi ya kwenda, au mwenye ndugu anayekwenda, na akumbuke haya.

Kwanza, nenda mpaka nyumbani kwa fundi. Madereva wengine hukupeleka kwenye duka linalowapa chochote, na sehemu hiyo hutoka kwenye mfuko wa mfumaji.

Pili, uliza kazi kabla ya kuuliza bei. Uliza sufu imesokotwa na nani, na rangi ni ya wadudu au ya dukani. Rangi ya dukani si kosa, ila usiuziwe kwa bei ya ile nyingine.

Tatu, uliza ni mikono ya nani. Kwenye wanyama wa mbao, mara nyingi baba huchonga na mama hupaka rangi, lakini jina linaloandikwa chini huwa la baba peke yake. Mtaje na mama, umshukuru.

Nne, vyungu vyeusi vya Coyotepec ni vya kutazamwa. Katika miaka ya 1950 mama mmoja wa pale, Doña Rosa Real, aligundua kwamba ukisugua udongo kwa jiwe kabla haujakauka kabisa, kisha ukauchoma kwa moto wa kiasi, hutoka mweusi wenye kung'aa. Ni mapambo mazuri sana, lakini chungu hicho hakifai kuwekewa maji.

Tano, na hili ni kwa ajili ya watoto: vyombo vya kijani vya kijiji cha Atzompa zamani vilipakwa dawa yenye madini ya risasi, na vingine bado hupakwa. Risasi huingia kwenye chakula, hasa chenye ndimu, nyanya au siki, nayo hudhuru ubongo wa mtoto. Kwa chombo cha kulia, uliza kama ni "sin plomo", yaani bila risasi. Usipopata jibu la hakika, kiweke ukutani.

Zulia letu jekundu sasa liko sebuleni kwa mmoja wetu. Wageni wakiuliza tulilinunua kwa bei gani, tunaanza kwanza na wale wadudu. Na juzi alipopita mama wa mikeka mlangoni, tulimkaribisha kiti, tukamwuliza amesuka kwa siku ngapi. Alicheka, akasema hakuna mteja aliyewahi kumwuliza hivyo.

Tunampenda sana yule mama wa Mithali 31. Tusisahau kwamba naye alikuwa mtu wa sufu na kitani, aliyeuza kazi ya mikono yake. Wewe ungemlipa kiasi gani?

Tukutane mwezi ujao.