Tone Linapoanguka Sipo Linapotoka

Siku chache zilizopita nilikwenda Bungoma, mji ulio kwenye barabara kuu iendayo Malaba, kumjulia hali shemeji yangu, mjane wa marehemu ndugu yangu. Uani kwake lipo Peugeot 504 aliloliacha marehemu. Msomaji wa umri wangu hana haja ya kuelezwa gari hilo. Ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na ndilo lililotuchukua sana baina ya miji tukiwa tumeketi magoti kwa magoti.

Gari lilikuwa limelala miaka tisa. Kijana wa marehemu alitaka kulifufua ili amchukue mamake hospitali, kwani miguu ya mama haimudu tena kupanda matatu. Akamwita fundi kijana, wakamwaga mabaki ya petroli yaliyonuka kama vanishi, wakajaza tangi. Usiku ule petroli ikadondoka chini ya gari, karibu na katikati. Fundi akasema ni pampu. Pampu ikanunuliwa, na gari likavuja vile vile. Akasema basi ni tangi, limeliwa na kutu. Akalikausha mafuta yote, akaleta gesi yake ya kulehemu.

Nakiri, wasomaji, kwamba mimi ndimi niliyekuwa nikihimiza. Nilitaka mambo yaishe nirudi Mombasa. Nilipoona tangi ni tupu, nikadhani hatari imekwisha.

La hasha! Jirani mmoja, fundi mzee wa Kibukusu aliyekwisha kuacha kazi, aliona moto ukiandaliwa, akaja mbio akauzima. Akaniambia, "Shehe, tangi lililojaa lakupa nafasi ya kukimbia. Hili tupu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka." Kisha akauliza swali ambalo hapana aliyeliuliza kabla yake: "Gari hili limelala muda gani?"

Naam, hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Sisi watu wa pwani tulipaswa kulijua swali hilo. Jahazi likikaa juu ya mchanga muda mrefu, mbao hukauka na maungio huachana; likirudishwa majini huvuja pasipo tundu hata moja. Na maji ya kuvuja hujikusanya ngamani, lakini ufa u kwengine kabisa. Fundi wa kalafati hazibi ngama. Huufuata unyevu hadi utokako. Gari nalo ni vivyo hivyo. Lililokaa bila ya kutumika hukauka mipira ikapasuka, petroli yake huvukiza ikaacha ulimbo, na tangi lisilojaa huingia unyevu likaota kutu kwa ndani. Huku kwetu, penye upepo wa chumvi, kutu hutokea na nje pia.

Mzee yule alifanya kazi kwa utaratibu ambao ningependa kila mwenye gari aujue. Kwanza gari likasukumwa hadi mahali peupe penye upepo, betri ikafunguliwa, jiko na sigara vikapigwa marufuku. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kutuama mashimoni, ukangoja cheche. Pili, akachomoa kijiti cha kupimia oili akakinusa. Utando wa mpira ulio ndani ya pampu ya zamani ukipasuka, petroli huweza kuingia kwenye oili. Oili huzidi kipimo na hunuka petroli, na injini huharibika ukiiwasha. Oili ilikuwa safi. Tatu, akatazama kabureta. Humo mna boya dogo na sindano yake. Ulimbo ukiigandisha sindano, petroli hufurika na kumwagikia injini yenye moto. Pakavu.

Ndipo akafuta paipu na tangi kwa kitambaa hadi pakakauka, akaomba chaki za watoto wa shule, akazisaga, akapaka unga wake njia nzima kutoka nyuma hadi mbele. Akarudisha petroli kidogo kidogo, akingoja kila mara. Mtungi wa kwanza ukaisha, chaki nyeupe. Katikati ya mtungi wa pili, unga ukalowa juu kabisa, pale mpira wa mdomo wa kujazia unapoingia tangini. Mpira ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ua ule una mteremko, na gari lilikuwa limeinamisha pua. Petroli ilikuwa ikitoka juu kule nyuma, ikishika paipu, ikitambaa nayo hadi katikati, ndipo ikadondoka. Dawa yake ilikuwa kipande cha mpira kisichotimia shibiri moja, na klipu mbili.

Mtu ataniambia kwamba hicho ni kisa kidogo cha uani. Lakini petroli haina ya uani na ya barabarani. Tarehe 31 Januari 2009 huko Sachangwan, njia ya Molo, lori la mafuta lilipinduka, moto ukawachukua watu zaidi ya 100 walioyasogelea mafuta yaliyomwagika. Julai 2021 yakarudi yayo hayo huko Malanga, Siaya, wakafa watu wasiopungua 13. Ilihitajiwa cheche moja tu, na uani kwa shemeji yangu sisi tulikuwa tumekwisha kuileta kwa mikono yetu.

Simlaumu fundi kijana. Tumemfundisha wenyewe. Sisi wenye magari hulipa spea, hatulipi macho. Fundi akifungua kitu na kutia kingine tunamhesabia kazi. Akikaa saa mbili akitazama na kunusa twasema mvivu huyu, atupotezea wakati. Basi naye, mwenye watoto wa kulisha, hujifunza kufungua haraka na kubahatisha. Pampu nzima iliyotolewa haikuwa na kosa, na fedha zake zingelipa utazamaji wa siku tatu.

Rai yangu ni hii: tunapopeleka gari lililolala kwa fundi, tupatane kwanza ujira wa kutafuta, mbali na ujira wa kutengeneza, tumwambie limelala muda gani, kisha tumwache. Na mafundi wazee waliokwisha kuacha kazi, vijana wawaendee wangali hai, kwani elimu ile haikuandikwa mahali.

Mzee wa Bungoma nilimpa ujira wake. Alhamdulillahi, shemeji yangu sasa aenda hospitali kwa gari la mumewe. Fundi kijana naye nilimwacha amechutama kando ya mzee, akijifunza kunusa kijiti cha oili.