BERINGI IKILIA, LORI LISIMAME



Kuna desturi mbaya iliyoota mizizi katika dipo zetu, na leo twataka kuitaja hadharani. Dereva au fita akiripoti kwamba gurudumu la lori linalia, ofisi humwuliza, "Una cheti gani wewe?" Akikosa cheti cha kuonyesha, lori hutoka. Nasi watu wa genge ndio tunaokaa nyuma ya lori hilo, pamoja na koleo, jeki na sururu zetu, tukipelekwa njiani kutengeneza reli. Aliyeuliza habari ya cheti hubaki ofisini na chai yake.

Beringi si siri ya wenye shahada. Ni pete za chuma kigumu, katikati yake zikizunguka gololi au roli ndogo ndani ya grisi, na uzito wote wa gari hulalia hapo. Grisi ikiisha, au maji ya mto yakiingia, uso wa chuma huanza kuchubuka. Ukishachubuka haurudi kuwa laini, hata ukitia debe zima la grisi. Utachubuka zaidi kesho, na keshokutwa zaidi, na kila siku utapiga kelele kuliko jana.

Mtu anayepanda lori lile lile kila asubuhi kwa miaka sita anaijua sauti yake kama anavyojua kikohozi cha mtoto wake. Kwanza husikia mvumo mdogo, kama nyuki walio mbali. Baadaye huwa mngurumo, kisha kusaga, kama jiwe juu ya jiwe. Fundi wa kweli humsikiliza mtu huyo kabla ya kufungua sanduku la spana.

Ofisi husema, "Hiyo ni kelele ya mipira tu." Vema, na tupime. Mpira hubadili sauti barabara inapobadilika: kwenye lami huimba hivi, kwenye changarawe vingine. Beringi mbovu huendelea na wimbo wake ule ule popote. Tena, dereva atoe gia mahali tambarare palipo salama, aache gari liserereke kidogo. Kelele ikishuka pamoja na injini, shida iko kwenye injini au gia. Ikiendelea kufuata mwendo wa magurudumu, basi si injini. Halafu apinde taratibu. Akipinda kulia, uzito hulalia upande wa kushoto. Mngurumo ukizidi hapo, mara nyingi beringi iliyokufa ni ya kushoto. Akipinda kushoto, ni kinyume chake. Mwisho gari liwekwe jeki na vigingi imara, gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa, kisha lizungushwe kwa mkono. Likicheza, au mkono ukihisi mkwaruzo, shauri limekwisha. Kazi hiyo yote haimalizi nusu saa. Je, nusu saa ni ghali kuliko watu kumi na wanane?

Twasema hivi kwa sababu tumeona. Katika dipo moja ambayo hatutaitaja, dereva aliandika katika kitabu cha makosa ya gari mara tatu, kwa mkono wake, kwamba gurudumu la nyuma kushoto linanguruma. Mara tatu kikatiwa sahihi, na mara tatu lori likatoka. Siku ya nne gurudumu lilichomoka mteremkoni, lori likalala mtaroni, na wenzetu wawili wakavunjika, mmoja mkono na mmoja mguu. Na ofisi ilifanya nini? Ilimwandikia dereva barua ya onyo kwa kuharibu mali! Yule aliyetia sahihi hakuandikiwa hata mstari mmoja.

Wengine wanatuambia tusubiri, mashine zinakuja za kupima joto la magurudumu, na masikio ya mtu hayatahitajika tena. Hatuzikatai mashine. Lakini tuangalie yaliyotokea East Palestine, katika jimbo la Ohio, Marekani, tarehe 3 Februari 2023, mwaka wa mashine hizo hizo. Beringi ya behewa moja la treni ya mizigo ilikuwa inaungua. Mashine ya kwanza kando ya reli ilisoma joto la digrii 38 za Fahrenheit kupita hewa ya nje. Ya pili ilisoma 103. Kanuni ya kampuni haikuamuru treni isimamishwe kwa joto hilo, basi ikaendelea. Ya tatu ilisoma 253, kengele ikalia, na wafanyakazi wa treni wakaanza kusimamisha, lakini wakati ulikuwa umepita. Mabehewa 38 yaliacha reli, mengine yakiwa na kemikali za sumu, na watu wakahamishwa nyumba zao. Yaelekea mashine zenyewe zilisoma joto la chini kuliko lile la kweli la beringi. Nao walioandika kanuni ya kungoja walikosea.

Wazee wetu wa reli hawakungoja. Zamani za visanduku vya mafuta na pamba kwenye ekseli, treni ikisimama stesheni mkaguzi alipita akigusa kila kisanduku kwa mgongo wa mkono, akinusa, akisikiliza. Kikiwa cha moto, behewa lilikatwa na kuachwa hapo, hata kama lilikuwa na mzigo wa mkubwa gani. Hakuna aliyemwuliza cheti.

Na sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti kwa msimamizi wake hatari kubwa anayoiona kwa sababu za haki, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Basi dereva anayeandika kitabuni anatimiza sheria. Anayemlazimisha kutoka ndiye anayeivunja.

Tunadai haya: lori lililoandikwa kuwa na kelele ya gurudumu lisitoke mpaka liwekwe jeki mbele ya dereva aliyeripoti, anayeliruhusu kutoka aandike jina lake kamili, si mkwaruzo wa kalamu, na barua ya onyo ya ndugu yetu ifutwe katika faili lake.

Kila mjumbe wa chama anakili kurasa za kitabu cha makosa cha dipo yake, za miezi mitatu iliyopita, na kuzileta kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao. Asiyepewa kitabu aandike jina la aliyemnyima, na saa aliyonyimwa.