Nauli ya Meli na Bei ya Pamba ya Bariadi

Oktoba 2025, nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) zilikutana London zikaahirisha kwa mwaka mmoja uamuzi wa kuzitoza meli kubwa zinazozidisha kiwango cha gesi joto. Tozo iliyopendekezwa ni dola 100 au 380 kwa kila tani inayozidi, kulingana na ukubwa wa kosa. Huku kwetu habari hiyo ilipita kimya, kana kwamba ni ya wenye meli tu. Kumbe inamhusu mkulima wa Bariadi.

Simiyu ndiyo kitovu cha pamba nchini, na sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje ikiwa ghafi. Bei rejea ya dunia, ile ya Cotlook, hutajwa ikiwa imekwisha kujumuisha nauli hadi bandari za Asia. Mnunuzi huondoa kwanza nauli hiyo, kisha gharama za lori na za kiwanda cha kuchambulia. Kinachosalia ndicho humfikia mkulima. Nauli ikipanda, yeye ndiye wa mwisho katika mnyororo, hana wa kumsukumia mzigo.

Na nauli haitakosa kupanda. Tani moja ya methanoli au amonia ina nishati isiyofikia nusu ya ile iliyomo katika tani ya mafuta mazito, na zikizalishwa kwa njia safi huwa ghali zaidi.

Je, tuyapinge mageuzi haya? La hasha. Meli hutoa takriban asilimia 3 ya gesi joto duniani, na Simiyu inaufahamu ukame vya kutosha. Si bure kwamba Mfuko wa Kijani wa Tabianchi unachangia mradi wa kuleta huko maji ya Ziwa Victoria. Kuyapinga ni kumwokoa mkulima na nauli ili aangamizwe na jua.

Mjadala utakaporejea, Tanzania idai kwamba sehemu ya mapato ya tozo ifidie nchi zinazouza mazao ghafi, na fidia hiyo ionekane katika bei ya kilo pale chama cha msingi. Nasi tusokote na kufuma pamba yetu wenyewe, kwani katika thamani ya tani ya nguo nauli ni sehemu ndogo kuliko katika tani ya pamba ghafi. Bahari safi ni haki ya wote; gharama yake isiangukie wasio na meli.