Kamera ya Babu: Jinsi ya Kulenga



Kipaimara hupokewa mara moja tu maishani, na picha ya siku ile nayo hupigwa mara moja. Askofu akisha kwenda zake, hakuna wa kumrudisha. Simu huonyesha picha papo hapo, lakini filamu huonyesha baada ya kusafishwa, na hapo kosa halina dawa. Basi, wewe uliyeachiwa na babu kamera ya filamu yenye kipima umbali, jifunze mapema.

Fumba jicho moja, utazame kidole chako, kisha ufumbe la pili. Kidole chaonekana kimehama. Kikiwa karibu huhama sana, kikiwa mbali huhama kidogo. Kamera hii nayo ina vidirisha viwili usoni, nayo hupima umbali kwa njia hiyo hiyo.

Ukichungulia, katikati utaona kipande kidogo king'aacho, na ndani yake kila kitu ni viwili. Zungusha pete ya lenzi polepole mpaka viwili vipandane viwe kimoja. Hapo umelenga. Kwa kuwa picha hizo husogea kushoto na kulia, chagua mstari uliosimama: nguzo ya kanisa, ukingo wa mlango, au shina la mnazi. Pindo la kanga lililolala, au mstari wa bahari, halitakuonyesha tofauti yo yote.

Kampuni ya Leitz ya Wetzlar, Ujerumani, ilianza kuuza Leica mwaka 1925. Mwaka 1932 ilitoa Leica II, ambayo kipima umbali chake kimeunganishwa na lenzi. Humo hulenga kwa tundu moja, kisha hupanga watu kwa tundu jingine. Mwaka 1954 ikaja Leica M3, iliyoyaweka yote mawili katika tundu moja.

Sasa shikeni mambo manne.

Kwanza, jicho lako halipiti katika lenzi. Kifuniko kikiwa juu ya lenzi, wewe utaona vizuri kabisa, na filamu haitaona kitu. Kiondoe kwanza.

Pili, tundu la kuchungulia liko juu ya lenzi. Kwa mtu aliye karibu, vichwa vyaweza kukatwa. Katika kamera zisizojirekebisha, acha nafasi juu ya vichwa.

Tatu, ndani ya kanisa mwanga ni haba, nawe hulazimika kufungua sana tundu la lenzi. Kosa dogo la kulenga litaonekana. Nje juani, ukilifunga hadi alama ya 11 au 16, kosa dogo husamehewa.

Nne, jaribuni kipimo chenyewe. Ukiwa ufukoni Tanga mjini, lenga miti ya Kisiwa cha Toten. Ukiwa Muheza, lenga mti ulio mbali mlimani. Pete ikifika alama ya mbali kabisa, picha mbili ziwe moja. Zisipopatana, kipimo kimepotoka: mpelekee fundi, usifungue mwenyewe.

Fanyeni mazoezi bila filamu, watoto wakisimama mlangoni, mpaka mkono uzoee. Siku ya Kipaimara, bibi akiketi kando ya mjukuu wake, uso wake utoke wazi, wapate kumjua hata wale ambao hawajazaliwa.

Hadi juma lijalo, Mungu awabariki.